Njia ya Ziwa Michaelson ifungwe Machi hadi Mei

Februari inapokaribia kwisha, matatu za kukodi za vikundi vya matembezi hutoka Nairobi Ijumaa usiku zikiwa zimejaa. Nyingine hushika Karatina na Naro Moru, nyingine hupitia Embu na Chuka hadi Chogoria, na ndani mna vijana waliopakata mabegi ya mgongoni, mahema na mikeka ya kulalia. Wanaoelekea Chogoria hawafuati kilele cha Mlima Kenya peke yake. Wanafuata maziwa. Kuna Ellis, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,450, ambako wakati wa kiangazi gari la kupanda milima linaweza kufika karibu. Kuna Michaelson, mbele zaidi, karibu mita 4,000, lililojificha chini ya genge la mwamba linaloitwa The Temple. Kwa anayetaka kutembea siku kadhaa amebeba chakula chake na kulala kando ya maji, sijui njia Kenya inayoipita hii kwa uzuri, na nasema hivyo nikiwa upande wa Nyeri, ambako tungependa sifa hiyo iende Naro Moru. Kwa sababu hiyohiyo naiombea jambo ambalo wapenzi wake hawatalifurahia: sehemu ya njia hiyo inayopita kwenye maziwa ifungwe kila mwaka, kuanzia Machi 1 hadi Mei 31, kwa watu wote.

Ulaya na Marekani, Machi ni mwanzo wa majira ya kuchipua. Theluji inalegea, mchana unarefuka, na watu waliojifungia ndani kwa miezi wanatoa mabegi stoo. Mgeni anayefika Nanyuki mwezi huo huja na kalenda ya kwao kichwani, na mara nyingi hata sisi tunaiazima. Ila hata huko kwao mwanzo wa majira hayo una masharti. Katika jimbo la Vermont, Marekani, theluji ya milimani inapoyeyuka baadhi ya njia hufungwa na watembeaji huombwa wazikwepe zile za juu hadi mwishoni mwa Mei, kwa kuwa udongo uliolowa haubebi buti. Peru nayo hufunga Njia ya Inka kila Februari, mwezi wa mvua kubwa, ili mafundi waitengeneze, huku Machu Picchu yenyewe ikibaki wazi kwa wanaokwenda kwa gari moshi. Sijasikia mtu akilalamika kwamba Peru imeua utalii wake.

Kwetu Machi ni mwezi wa kungojea. Wakulima wa Nyeri na Kirinyaga wameshatayarisha mashamba, wanautazama mlima asubuhi kama umejifunika, wanasubiri mvua ndefu, ile ambayo Wakikuyu huiita mvua ya njahi. Ikifika hainyeshi sawasawa kotekote. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huugonga mlima upande wa mashariki na kusini-mashariki kwanza, yaani Embu, Chuka na Chogoria, na huko ndiko unakomwaga mzigo wake. Nanyuki na sehemu za kaskazini-magharibi hupata kilichobaki. Njia ya maziwa iko upande unaolowa. Na Pasaka, ambayo kila mwaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, huwaleta watembeaji wengi wa humu nchini kwenye njia hiyo wakati ambapo ardhi yake ni dhaifu kuliko wakati mwingine wowote.

Tazama kinachotokea kwenye hatua ishirini tu za njia baada ya wiki moja ya mvua. Juu ya msitu ardhi ni nyeusi na laini, imejaa mizizi na majani ambayo baridi haiyaachi yaoze upesi, nayo hunyonya maji ikavimba. Mtu wa kwanza hupita katikati na buti lake likazama hadi kifundo cha mguu. Wa pili akiona shimo aliloliacha mwenzake husogea ukingoni. Wa tatu ni mpagazi mwenye masufuria na mtungi wa gesi mgongoni, na viatu vilivyolika soli. Huyo hana budi kukanyaga fungu la nyasi kando ya njia, kwa kuwa ndilo pekee lisiloteleza. Fungu linalala, mizizi inakatika. Mvua ya jioni huteremka kwenye alama za viatu, huziunganisha, na kesho yake pana mfereji. Wanaokuja kesho wanaukwepa mfereji, wanakanyaga fungu jingine. Mvua ikiisha Juni kuna njia mbili badala ya moja, na baada ya misimu michache kijia cha upana wa mtu mmoja kimekuwa uwanja wa tope. Mfugaji yeyote wa Kieni anajua kwamba ng'ombe hawaingizwi shambani udongo ukiwa umelowa, maana wataushindilia na msimu ujao hakitaota kitu. Binadamu mwenye begi la kilo kumi na tano hana tofauti kubwa na ndama.

Uharibifu huo ungekuwa jambo dogo kama mimea ya juu ingekua kama majani ya Napier. Haikui hivyo. Lobelia kubwa inayoota kwenye ardhi ya majimaji ya Mlima Kenya huchukua miongo kadhaa kabla ya kutoa maua yake ya kwanza. Kila usiku hufunga majani yake kukilinda kichipukizi kilicho katikati, na maji yaliyokusanyika humo hushika barafu juu huku ya chini yakibaki maji. Dada yake, lobelia yenye manyoya inayoitwa telekii, hutoa maua mara moja tu maishani mwake, kisha hufa. Mmea ulioyahesabu maisha yake namna hiyo ukikanyagwa ukiwa mche, hakuna sherehe ya kupanda miti itakayoufidia. Anayetaka kuona mwisho wa mambo haya aende kwenye mteremko ulio juu ya Met Station, katika njia ya Naro Moru, ambao sifa yake ya matope imevuka mipaka ya Kenya. Ni kweli kwamba pale pana maji mengi tangu asili. Lakini upana wa lile tope ni kazi ya miguu, na kila mpagazi wa Naro Moru atakuonyesha mahali ambapo watu wameacha njia ya zamani wakatafuta nyingine.

Utaniuliza: na mwaka ambao mvua imechelewa, Machi ikawa kavu, kwa nini watu wazuiwe? Hapo ndipo Machi inapoonyesha uso wake wa pili. Nyasi na vichaka vya juu huwa vimekaushwa na jua la Januari na Februari, na mvua isipotokea kwa wakati vinakuwa petroli. Machi 2012 moto mkubwa ulisambaa kwenye nyanda za juu za mlima huu. Mwishoni mwa Februari 2019 na kuingia Machi ukawaka tena, na askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS) na wa Huduma ya Misitu (KFS) pamoja na wananchi wa kujitolea wakapanda kupambana nao kwa matawi na majembe, kwa kuwa hakuna lori la zimamoto linalofika huko. Mwaka huo mvua ndefu zilichelewa hadi Aprili, na wataalamu wa hali ya hewa wakalihusisha jambo hilo na kimbunga Idai kilichoipiga Msumbiji katikati ya Machi na kuvuta unyevu kuelekea kusini. Sidai kwamba watembeaji ndio waliowasha moto huo. Warina asali, wachoma makaa na walima bangi wamelaumiwa mara nyingi kwa mioto ya msituni, na pengine kwa haki. Lakini jiko moja likipinduka mlango wa hema, matokeo hayaulizi nia ya mpishi. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulipoanza eneo la Whona, taarifa za kwanza za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, ziliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha watalii. Kwa hiyo mvua ikija mapema tunapoteza njia, ikichelewa tunaweza kupoteza bonde zima. Moto peke yake usingetosha kuwa sababu ya kufunga; Januari na Februari zinaweza kulindwa kwa marufuku ya kuni na doria. Unachofanya moto ni kuondoa kisingizio cha anayesema Machi bado ni kiangazi.

Usalama wa watu wenyewe nitaupitia haraka, maana umeandikwa sana na kusahauliwa sana. Kwenye mita 4,000 mvua ya alasiri hugeuka barafu usiku, na mtu aliyelowa hadi kwenye soksi hana pa kukaukia. Akiwa tayari ana kichwa kinachogonga na kichefuchefu kwa sababu ya hewa nyembamba, mwili wake unapigana vita viwili. Kumshusha kutoka Michaelson hadi geti la Chogoria ni kazi ya saa nyingi kwa watu wengi, kwenye njia ileile yenye matope, na helikopta haipenyi ukungu. Wafungwa watatu wa vita wa Kitaliano waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 ili tu wapande mlima huu, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walikuwa na vifaa vya kujitengenezea na chakula cha kudunduliza. Hata hao walipanda kiangazi.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Chogoria ina wapagazi, waelekezi, wapishi na wenye magari wanaoutegemea mlima, na ukiwaambia wakae miezi mitatu bila kazi umewaambia wawatoe watoto shuleni. Sitalipuuza hilo. Kwanza, lakini, tuwe wakweli: miezi ya mvua ndefu ndiyo wageni wa nje huwa wachache zaidi, na Aprili ikishaingia kazi nyingi hutegemea wikendi ya Pasaka na likizo ya shule. Hasara ipo, ila si ya robo ya mapato ya mwaka. Pili, njia hiyo inahitaji mikono. Kuchimba mitaro ya kuyatoa maji njiani, kupanga mawe penye kona, kuziba vijia vya pembeni kwa matawi ili nyasi zirudi: kazi hizi zote hazina mashine, na hakuna anayejua wapi maji hupita kuliko mpagazi aliyeteleza hapo mara kumi. Serikali imewahi kuwalipa vijana wa mijini kufyeka na kuzibua mitaro chini ya Kazi Mtaani, iliyoanza 2020. Haishindwi kuwalipa watu wa Chogoria watengeneze mali inayoiingizia fedha. Sehemu ya ada za kuingia zinazolipwa geti hilohilo itengwe kwa kazi hiyo, na ilipwe kwa siku, si kwa ahadi. Ikiwa KWS haiko tayari kulipa, basi nami sipo tayari kutetea kufungwa. Njia haiwezi kupumzishwa kwa gharama ya watu maskini kuliko wote walio juu yake.

Wengine husema, badala ya kufunga, tujenge. Wanaonyesha Rwenzori, Uganda, ambako watembeaji huvuka kinamasi cha Bigo juu ya njia ya mbao badala ya kuzama hadi magotini. Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Njia ya mbao penye majimaji makubwa ya Ellis ingekuwa jambo jema. Lakini mbao hupandishwa na watu, huoza, hubadilishwa, na haziwezi kutandazwa kilomita zote za tuta na korongo hadi Michaelson bila kuugeuza mlima kuwa daraja. Tena ujenzi huo unahitaji majuma ambayo hakuna msururu wa watu unaopita katikati ya mafundi. Mfumo wa Peru umeliona hilo: wanafunga ili watengeneze.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo halisemwi sana kwenye mikutano ya washikadau lakini ndilo linalonigusa zaidi. Watu wa eneo hili wana kumbukumbu ya kufukuzwa mlimani. Wazee waliuita Kirinyaga na kuomba wakiuelekea. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1953, msitu wake ulitangazwa kuwa eneo lililopigwa marufuku, handaki likachimbwa ukingoni kwa kazi ya kulazimishwa ili kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau wa Jenerali China na vijiji vilivyowalisha. Hifadhi ya taifa ilitangazwa 1949, na kwa miaka mingi waliopanda kwa kujifurahisha walikuwa wageni huku mwenyeji akiwa mbeba mizigo. Sasa ndipo Mkenya wa kawaida ameanza kupanda mlima wake kwa hiari yake, na mimi naja kusema geti lifungwe? Jibu langu ni kwamba ubaya wa marufuku ya zamani ulikuwa katika nani anazuiwa na nani anapita. Kwa hiyo ufungaji huu uwe wa wote au usiwepo. Na wote ni pamoja na wale wanaorushwa kwa helikopta kutoka upande wa Nanyuki kwenda kuvua trauti kwenye maziwa ya Alice na Rutundu. Rutundu lilipata umaarufu wa dunia baada ya Mwanamfalme William wa Uingereza kumchumbia Kate huko Oktoba 2010, na tangu hapo wenye pesa hawajaacha kulitamani. Ikiwa kijana wa Chuka mwenye hema la kuazima atasimamishwa getini Aprili, helikopta nayo isitue. Nasisitiza hili kwa sababu najua jinsi misamaha ya kimya kimya huanza.

Magari yanakuja kwenye orodha hiyohiyo, na kwa kweli yangepaswa kuwa ya kwanza. Gari moja linalolazimisha kupita hadi karibu na Ellis wakati wa mvua, likikwama, likavutwa kwa kamba, likazunguka kwenye nyasi kutafuta pakavu, linafanya kwa alasiri moja kazi ya miguu ya msimu. Anayesema watembeaji wanaonewa huku magari yakiachwa ana haki ya kulalamika. Kizuizi cha chuma barabarani juu ya geti, chenye kufuli, si mradi wa mamilioni. Mifugo inayopenya msituni ni tatizo jingine, na uzio wa umeme unaojengwa kuuzunguka mlima chini ya shirika la Rhino Ark unalishughulikia polepole. Halitungojei sisi, wala sisi tusilingojee.

Kuna atakayeona kwamba yote haya ni makelele juu ya kijia kimoja. Kijia hicho kinapita juu ya chanzo cha maji. Mto unaotoka Michaelson ni Nithi, uleule unaopita chini ya daraja ambalo kila msafiri wa Meru hulivuka akishika dua, na ambao umeipa nusu ya jina lake Kaunti ya Tharaka-Nithi. Unaishia Tana, pamoja na mito ya upande wa Nyeri kama Sagana, na ingawa Nithi huungana nayo chini ya mabwawa, Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Udongo mweusi wa juu ni sponji ya maji hayo, na kadiri barafu ya huko juu iitwayo Lewis inavyozidi kuisha, sponji hiyo ndiyo tutakayobaki nayo. UNESCO iliuweka mlima huu katika orodha ya urithi wa dunia 1997. Marufuku ya plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, iliyoanza Juni 5, 2020, ilipigiwa kelele na wafanyabiashara wa maji ya chupa, na leo watu hupanda na chupa za kujaza bila kinyongo. Tabia hubadilika kanuni ikijulikana mapema.

Kujulikana mapema ndilo jambo la kiutawala lililo rahisi kuliko yote. Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo kuziba tarehe za eneo la Ellis na Michaelson kwenye mfumo ni kazi ya asubuhi moja, mradi itangazwe kabla ya Desemba, kampuni za safari zinapopanga Pasaka. Tarehe ziwe zilezile kila mwaka. Wapo wanaopendekeza tungoje utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kila msimu ndipo tuamue, na ingekuwa busara kama sote tungekuwa wanasayansi. Katika hali halisi, uamuzi wa kila mwaka ni majadiliano ya kila mwaka, na majadiliano ya kila mwaka hushindwa na mwenye simu nyingi. Mvua za 2024, zilizoua zaidi ya watu 200 nchini na kufagia kambi za kando ya mto Talek kule Maasai Mara Mei 1, zilitabiriwa kuwa kubwa, na wageni bado walikuwa mahemani. Utabiri utumike kurefusha muda Juni ikiwa bado inanyesha, usitumike kuufupisha.

Mlima wenyewe ubaki wazi. Njia ya Sirimon, inayoanzia barabara ya Nanyuki kwenda Timau, ndiyo kavu kuliko zote, na wapagazi wa Chogoria waruhusiwe kufanya kazi huko miezi hiyo bila kuulizwa wametoka kaunti gani. Asiyetaka kilele ana Castle Forest upande wa Kirinyaga, msitu wa Ngare Ndare, na hapa kwetu kilima cha Karima, Othaya, ambacho watu wa Nairobi hukipita kila wikendi bila kugeuza shingo. Na aliyekwisha kulipia safari ya Pasaka kupitia Chogoria asingoje KWS iamue. Amwambie mwelekezi wake amhamishie Sirimon, na Michaelson wapangiane Agosti au Januari.